Njia Tuliyomfyekea Injinia

Nataka ijulikane kuanzia hapa kwamba mimi sipingi barabara. Nina duka la hadiwea pale Voi. Nauza simiti, misumari, rangi, mabomba na mapanga, na kila lami inapowekwa mahali watu hujenga, na wakijenga huja kwangu. Tena gari langu limevunjika springi mara tatu kwenye ile njia ya kupanda kwa mama, huko juu ya Ronge, na mara ya tatu nililia machozi ya kweli, si ya huzuni, ya hasira. Nilishuka nikaipiga njia yenyewe teke. Kwa hiyo anayesema tulikataa maendeleo aje dukani aniambie usoni, nimwonyeshe springi. Nimezihifadhi zote tatu.

Tulichokataa ni kigingi kimoja.

Jumamosi ile nilimkuta mama amesimama katikati ya maharagwe yake, mikono kiunoni, anakitazama kipande cha mti kilichopakwa rangi nyekundu kichwani. Mama ameshavuka themanini, na akisimama hivyo hata jogoo hunyamaza.

"Nimelala, nimeamka, kimeota," akaniambia.

Nilijua ni kigingi cha wapimaji wa barabara. Rangi ile naiuza mwenyewe. Tukatazama mbele tukaona kingine, na kingine, vimepita katikati ya migomba, vikapanda mteremko, vikaingia moja kwa moja kwenye fighi.

Fighi ni msitu mdogo wa kale ambao haukatwi. Kwetu mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu: huokoti kuni humo, hupigi mluzi, huvunji hata kijiti cha kuchokonolea meno. Ndani yake kuna mwamba mkubwa wenye ubavu ulioingia ndani, na chini ya ubavu huo wamekaa wazee wetu. Sisemi mizimu. Nasema wazee wenyewe, yaani mafuvu yao, safu kwa safu, yametazama jua linakotokea. Zamani mtu alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa kikaletwa pale akae na wenzake. Desturi hiyo ilikoma makanisa yalipoenea milimani, lakini waliokwisha kuwekwa walibaki. Serikali ilipatambua kuwa mahali pa kihistoria, ikaweka kibao cha bati kilichoandikwa kwamba panalindwa na sheria. Kibao kilipotea kabla sijamaliza shule ya msingi.

Tulifuata vigingi, mama mbele na fimbo yake. Cha mwisho kilikuwa kimepigiliwa hatua mbili tu kutoka safu ya kwanza. Mama alishika shina la mti akavuta pumzi. Babu yake yumo mle. Alimjua akiwa hai, alibebwa mabegani mwake, alilambishwa asali kwa kidole chake.

"Wanataka kumpitishia babu lori," alisema.

"Mama, labda wataizunguka."

"Wewe unauza rangi, macho yako yako wapi? Huoni mstari umenyooka?" Kisha sauti yake ikashuka. "Mimi nikifa mnizike na simiti yenu, na vigae mkitaka. Lakini yeye asiondolewe. Akiondolewa sitajua niko wapi."

 Tulipokuwa tunatoka msituni tukakutana na jirani wa mama, mzee wa kanisa, mtu anayeongoza nyimbo Jumapili kwa sauti inayofika mtaa wa pili.

"Natafuta mbuzi," alisema kabla hatujamsalimia.

Hapo ni lazima nieleze kidogo. Tangu nikiwa mtoto, kila mtu mzima niliyewahi kumkuta karibu na fighi alikuwa anatafuta mbuzi. Mwalimu wangu wa darasa la tatu alikuwa anatafuta mbuzi. Mkunga alikuwa anatafuta mbuzi. Mama mwenyewe alikuwa akitafuta mbuzi mara kadhaa kwa mwaka, na kwetu tulikuwa tunafuga kuku. Sikuwahi kuuliza. Ukizaliwa kwenye jambo, hulioni.

Mzee wa kanisa alipoonyeshwa kigingi, alisahau mbuzi palepale. Jumatatu tukateremka pamoja hadi Mwatate, mimi na yeye, kwenye ofisi moja yenye feni isiyozunguka. Kijana wa pale alitupokea kwa heshima sana, akapokea barua yetu, akaigonga muhuri.

"Mama, Alhamisi ya wiki ijayo injinia atakuja huko kuangalia," akaniambia. "Ataandamana na dada mmoja wa mambo ya makumbusho. Mkiwaonyesha kwamba mahali hapo panajulikana, panatunzwa na panatumika, mstari unaweza kusogezwa."

"Na tukishindwa?"

"Hao wazee wenu watahamishwa vizuri kabisa. Watawekwa kwenye jengo safi, lenye kioo mbele."

"Kioo cha nini?" mzee wa kanisa akauliza.

"Ili watu waweze kuwatazama."

Tulitoka tukaingia garini. Tulikuwa tumeshaanza kupanda mlima, mimi nakwepa mashimo, ndipo mzee akapiga goti lake kofi. "Kioo!" alisema. "Ati kioo! Kama maandazi!" Nikaanza kucheka, naye akacheka, tukacheka hadi nikasimamisha gari, na katikati ya kicheko nikagundua tunaogopa wote wawili.

Sasa tukapanga kazi kwa yale maneno matatu tuliyopewa. Panajulikana: hilo lilihitaji kibao. Mzee wa kanisa alikohoa, akakohoa tena, akasema anafikiri anajua kilipo. Kilikuwa paa la banda lake la kuku. Alikiokota, alisema, kilikuwa kimeanguka, na akiba ya bati si dhambi. Tulikibandua, kuku wakatoka wakituapiza, tukakisugua kwa majivu. Maneno ya sheria yalikuwa bado yanasomeka.

Panatumika: hilo hakuna aliyelitaja. Tuliliruka kama watu wanaoruka dimbwi, kila mmoja akitazama kando.

Panatunzwa. Jamani, hilo tulilielewa kupita kiasi! Huku kwetu mgeni akitarajiwa, njia hufyekwa. Ni aibu mgeni wa heshima afike kwako na umande magotini na mbegu za magugu kwenye pindo la nguo. Kikundi cha mama cha kulimiana kiliitwa, na waume zao, na wakwe, na mimi nikaleta mapanga ya dukani na mifuko miwili ya chokaa. Na nikamleta mume wangu. Hilo ndilo kosa lililozaa yale mengine.

Mume wangu ni mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, alikuja Voi kwa kazi ya reli, na maisha yake yote mpaka kustaafu alikuwa akinyoosha njia ya treni. Hawezi kuona kitu kimepinda. Hata nguo nikianika, hupita nyuma yangu akisogeza vibanio. Isitoshe, kwao mtu hamkaribii mama mkwe wake, wala hali mbele yake, wala hamtazami usoni, na kwa miaka yote ya ndoa yetu amezungumza na mama kupitia kwangu, hata wakiwa wametengana hatua kumi tu.

"Mwambie mama hapa kuna mzizi, utamkwaza," alisema.

"Mwambie mzizi huo nimeukwepa kabla hajazaliwa," mama akajibu.

"Anasema ameuona," nikatafsiri.

Ndani ya fighi hakuna aliyegusa mti. Tulifagia tu kile kijia cha zamani. Lakini kutoka barabarani hadi ukingoni mwa msitu, ah, huko mume wangu alitoa kamba. Alianza kwa kuiangalia ardhi, jicho moja limefumba, kisha akaona vile vigingi vyekundu. Uso wake ukang'aa.

"Aliyepima hapa ni fundi," alisema. "Vimepangana safi. Kwa nini nisumbuke?"

Akafunga kamba kwenye vigingi.

Naapa kwamba tulikuwa watu zaidi ya thelathini pale, wenye akili timamu, wengine wamesoma, na hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Tulishikwa na utamu wa kazi. Wanawake wanaimba, magugu yanaanguka, kimanga cha muhogo na maharagwe kimeiva, mzee wa kanisa amevua koti. Mama alitoa mistari miwili ya maharagwe kwa hiari yake. Tulipofika mteremkoni mume wangu akasema mvua itaharibu, tukachimba mifereji pande zote mbili. Akasema udongo ni laini, tukajaza kokoto tukashindilia. Akasema wazee wa kijiji watahitaji kupita wawili wawili wakishikana mikono, tukapanua. Siku ya pili tulipanga mawe kandokando tukayapaka chokaa, na jioni tukasimama chini tukaitazama kazi yetu ikipanda mlima, nyeupe, imenyooka. Nilijivuna hadi nikampigia simu shemeji yangu wa Makwasinyi kumweleza.

Alhamisi ikafika. Tulikusanyika mbele ya mwamba tangu asubuhi, kibao kimesimikwa, mchungaji amekuja kutuombea, mama ameketi kwenye kiti cha plastiki akiwa na leso mpya. Tulitarajia wageni waache gari chini barabarani, wapande kwa miguu kama kila mtu. Badala yake tukasikia mngurumo. Unakuja. Unazidi kuja. Watu wakatazamana.

Pikapu nyeupe ilipanda njia yetu bila kutikisika, ikapita kwenye migomba, ikasimama ukingoni mwa fighi. Injinia akashuka, kijana mnene mchangamfu, hana hata tone la jasho. Akageuka akatazama alikotoka. Akatazama mifereji. Akachuchumaa akabonyeza kokoto kwa kidole.

"Hongereni sana!" alisema. "Mimi niliambiwa wananchi wa hapa wanapinga. Kumbe mmeshaanza! Hii ni nusu ya kazi. Nani alisimamia?"

Mume wangu, masikini, akainua mkono. Kwa nukta moja alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Taita Taveta. Halafu nikaona jambo lenyewe likimfikia, polepole, kuanzia kwenye nyusi.

"Mungu wangu," alisema. "Tumeijenga."

 Nilitaka kumkaba koo mume wangu, na mzee wa kanisa, na mimi mwenyewe kwanza, maana mapanga yalikuwa yangu. Nikamtazama mama, nikidhani nitamwona analia. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, leso mdomoni, mpaka akapaliwa, na hapo kikundi chote kikalipuka, wanawake wakashikiliana, mchungaji akageukia mti, injinia akicheka pamoja nasi bila kujua kinachochekwa.

Dada wa makumbusho ndiye peke yake ambaye hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya safu za wazee wetu, daftari mkononi, ametulia. Alisubiri kelele ziishe, akageuka.

"Njia nimeiona," alisema kwa upole. "Nataka kujua jambo moja tu. Nani huja hapa?"

Kicheko kikafa. Nilisikia pikapu ikipoa, tik, tik. Mchungaji alikuwepo. Wazee wa kanisa walikuwepo. Mimi mwenyewe nimefundisha watoto Jumapili, na nimewaambia wapite hapo haraka. Nilikuwa na maneno mengi ya kupinga barabara, nimeyaandika kwenye karatasi, na hakuna hata moja lililojibu swali hilo.

"Kama hakuna anayekuja," dada akaendelea, "itakuwa vigumu kwangu kuandika kwamba panatumika."

Mama akasukuma kiti nyuma. Nilimkimbilia nimshike mkono, akanikataza kwa fimbo.

"Nakuja mimi," alisema. "Kabla ya kupanda, na nikishavuna. Namletea babu pombe kidogo ya mbangara kwenye kibuyu, namwaga pale, namwambia habari."

"Habari gani, nyanya?"

"Za nyumbani. Huyu," na fimbo ikanielekea, "alipozaliwa, ametanguliza miguu, tukapona sote, nilikuja kumwambia. Alipoanguka mtihani wa hesabu nilikuja. Alipofungua duka nilikuja. Alipotuletea mwanamume wa reli asiyejua hata kusalimia kwa Kidawida chetu, nilikuja siku mbili mfululizo, maana babu alikuwa mkali." Akamgeukia mume wangu, akamsemesha moja kwa moja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Alikukubali, baba. Usiogope."

Mume wangu akamtazama usoni. Akasema, "Asante, mama," akaanza kufuta miwani ambayo ilikuwa safi.

 Miaka yote hiyo nilidhani mambo yangu yalikuwa yangu peke yangu, niliyabeba mwenyewe pale Voi nyuma ya kaunta. Kumbe nimesimuliwa. Kumbe kuna mahali ambapo kila jambo langu lilifikishwa, hata hesabu.

Macho yote sasa yalikuwa kwa mzee wa kanisa. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili anaizungusha. Akasimama.

"Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti ya Jumapili, "mimi sina mbuzi."

Akaivaa kofia, akaivua tena.

"Sijawahi kuwa na mbuzi."

"Hata mimi sina," akasema mwanamke wa nyuma.

"Wangu walikufa wakati wa ule ukame," akasema mwingine, "lakini niliendelea kuwatafuta."

Ikawa kama mfuko wa mahindi uliopasuka. Huyu huja siku ya soko, yule huja mtoto akiugua, mmoja alikuwa akijificha nyuma ya mwamba kila aliposikia hatua za mwenzake, na aliyekuwa akija ni mke wake. Dada wa makumbusho aliandika huku akiuliza, "Mbuzi? Mbona mbuzi?" nami nikawa namweleza, nimelowa machozi ya kicheko, na si kicheko pekee. Mwishowe kila mtu akamgeukia mchungaji. Mchungaji alirekebisha kola yake.

"Mimi ninaye mmoja tu," alisema. "Na huwa amefungwa nyumbani."

Haki ya nani, ule mlima haujawahi kusikia kelele za namna hiyo.

Mstari ulisogezwa. Barua ilikuja, mzee wa kanisa akaisoma kanisani mara mbili, ya pili bila kuombwa. Barabara sasa inapita chini, kwenye njia ile ile ya zamani ya springi zangu, na imeshafika nusu. Injinia alitoa sharti moja: njia yetu ifungwe, asije dereva mwingine akapotea akafika kwa wazee. Kwa hiyo tulibomoa kazi yetu wenyewe, tukafukia mifereji, mama akarudishiwa mistari yake ya maharagwe. Mume wangu akapewa miche ya kupanda pale. Nilimwomba aipande ovyo ovyo, kama msitu. Alijitahidi sana. Miche imesimama kwenye mstari wa kamba, yote.

Mwezi uliopita goti la mama liligoma. Alinipa kibuyu, akanielekeza: safu ya pili, wa tatu kutoka kushoto, ana pengo la jino la mbele. Nikaenda peke yangu, nikamwona, nikamsalimia kwa Kidawida changu kibovu cha mtu wa Voi. Nilidhani nitasema maneno mawili niondoke. Nikamweleza barabara ilipopita. Nikamweleza goti la mama. Nikamweleza duka, mume, shemeji, bei ya mabati, mpaka miguu ikafa ganzi. Nikiwa natoka nilikutana na mzee wa kanisa anaingia.

"Mbuzi umempata?" akaniuliza.

"Nimempata, mzee."

Mama alikuwa barazani anachambua mboga. Akaniuliza nilimwambia nini, nikamhesabia yote, akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, vizuri.

"Na ulimwambia mimi nakaribia kwenda?"

Nilitazama mboga. "Hilo nilisahau, mama."

"Hukusahau," alisema, bila ukali wowote. "Jumamosi ijayo utarudi umwambie. Tusimshtue."

Nikasema sawa, mama. Nikachukua kibuyu nikaenda kukisuuza.